Mbizi, Mchupo na Makachu: Istilahi za Kuingia Majini kutoka Juu

Utangulizi

Yapo maneno ambayo mfasiri akiyakosea, msomaji hucheka kidogo, kisha shughuli zikaendelea. Yapo mengine ambayo akiyakosea, mtu huumia. Makala haya yanahusu maneno machache ya aina hiyo ya pili, nayo ni yale tunayoyatumia kueleza kitendo cha mtu kuingia majini kwa hiari yake kutoka mahali palipoinuka, kama vile ukuta wa gati, ukingo wa bwawa la kuogelea au jabali la pwani.

Suala lenyewe lilifika mezani pangu kwa njia ya kawaida. Kampuni moja ya utalii ilileta karatasi ya kurasa tatu ili itafsiriwe kwa Kiswahili. Karatasi hiyo iliandikwa kwa ajili ya watalii wanaokwenda mapumzikoni katika visiwa vya Bahari ya Mediterania, kama vile Malta na Mallorca. Huko upo mchezo ambao wageni hulipia: mtu mwenye ujuzi huwachukua ufukweni, huwapandisha majabalini, huwaonyesha mahali pa kusimama, kisha huwaongoza kuingia baharini kutoka juu, kwanza kwa mita mbili au tatu, halafu zaidi kwa kadiri ya ujasiri wa kila mmoja. Kampuni ilikusudia kuanzisha mchezo kama huo katika pwani yetu, na ilitaka maelezo ya Kiswahili kwa vijana watakaoajiriwa, pamoja na maneno ya kuandika kwenye mabango.

Kazi hiyo ilionekana kuwa ya siku moja. Ilichukua muda wa majuma matatu, na sababu zake ndizo ninazotaka kuwaeleza watafsiri wenzangu, walimu, na watumishi wa serikali ambao hutakiwa kila mara kuandika matangazo ya hadhari.

Kosa la bango

Inafaa nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, niliombwa kutafsiri maneno ya bango la bwawa la kuogelea hapa mjini. Bango la asili lilikataza watu kuingia kwa kutanguliza kichwa upande wenye maji mafupi. Nilifungua kamusi, nikaona neno linalolingana, nikaandika: USIPIGE MBIZI. Bango likachorwa kwa rangi nyekundu, likatundikwa.

Haukupita mwaka, kijana mmoja akajirusha kichwa mbele upande ule ule, akagonga sakafu. Mungu alimnusuru, lakini alikaa miezi mingi amefungwa kitu cha kuzuia shingo isigeuke. Alipoulizwa kwa nini hakulitii bango, alijibu kwamba alilisoma na alilitii. Alisema, "Mimi sikupiga mbizi. Mbizi ni kwenda chini ya maji. Mimi niliruka tu."

Kijana yule alikuwa na haki. Katika Kiswahili, mbizi ni kitendo cha kuzama na kuogelea chini ya uso wa maji. Mvuvi anayechokoa pweza kwenye mwamba hupiga mbizi, ijapokuwa ameteleza kutoka katika ngalawa taratibu bila kuruka hata kidogo. Lugha ya Kiingereza hutumia neno moja kwa vitendo viwili: kuingia majini kwa kichwa, na kwenda chini ya maji. Kiswahili hakifanyi hivyo. Kamusi yangu ilinipa nusu ya maana, nami nikaichukua kuwa maana nzima.

Maneno tuliyo nayo

Utaratibu uliozoeleka katika uundaji wa istilahi ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na mwishowe katika lugha za kigeni. Kwa hiyo niliorodhesha maneno yote niliyoyajua, nikatoka nayo ofisini. Nilipita Mnazi Mmoja kwa miguu nikaingia Kariakoo, mahali ambapo watu wa Kilwa, Mafia, Unguja na Tanga huuza bidhaa bega kwa bega na watu wa bara. Anayetaka kujua kama neno litaeleweka na Watanzania wote hana haja ya kuzunguka nchi nzima. Mtaa wa Kongo saa nne za asubuhi unamtosha.

Neno la kwanza lilikuwa kuruka. Kila mtu analijua, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Ndege huruka angani, mtoto huruka kamba, mwizi huruka ukuta, na mdaiwa huruka deni lake. Kitenzi hiki hakisemi kama mwendo ni wa kwenda juu, mbele au chini.

La pili lilikuwa kujirusha. Kwa sarufi halina kasoro. Lakini nilipomuuliza kijana mmoja muuza viatu kuhusu "mchezo wa kujirusha", alinitajia kumbi za muziki. Katika mazungumzo ya Dar es Salaam, kujirusha ni kwenda kustarehe na kucheza dansi usiku. Tangazo la kampuni lingevuta umati wa watu, ila wangefika wakiwa na viatu vya dansi.

La tatu lilikuwa kujitosa. Hili ni neno zuri, nalo lina maji ndani yake, kwa kuwa kutosa ni kutupa kitu majini kizame. Hata hivyo kujitosa kumekwisha kuchukuliwa na waandishi wa habari: watu hujitosa katika siasa, katika biashara, na katika ugomvi usiowahusu. Aidha neno hilo linabeba harufu ya kutojali, kana kwamba anayejitosa hana habari na kinachomngojea. Mchezo unaoongozwa ni kinyume cha hayo.

La nne lilikuwa kuzamia. Hili nililifuta mara moja. Katika mji wenye bandari kubwa, mzamiaji ni mtu aliyejificha ndani ya meli ili asafiri ng'ambo bila nauli wala hati, na vijana wamelipanua neno hilo hadi kwa mtu anayehudhuria karamu asiyoalikwa.

Kutumbukia nako hakukufaa, kwa maana anayetumbukia hakukusudia.

Likabaki kuchupa. Kuchupa ni kuruka kutoka juu kwenda chini. Mwelekeo umo ndani ya neno lenyewe, halihitaji kusaidiwa. Nilikuwa na wasiwasi kwamba watu wangelichanganya na chupa ya kutilia maji, na kweli wawili walinichekea. Lakini mzee mmoja wa Kilwa, muuza kamba na nyavu, alinijibu hoja hiyo kabla sijaitoa. Alisema, "Mwanangu, mtu akikwambia usichupe, utatafuta chupa?" Hoja yake ni sahihi. Kitenzi hutambulikana kwa viambishi vyake. Usichupe, amechupa, tunachupia: hakuna hata kimoja kinachoweza kudhaniwa kuwa chombo. Tena neno hili huzaa vizuri. Kutokana nalo tunapata mchupo, yaani tendo moja; mchupaji, yaani mtendaji; na uchupaji, yaani shughuli yenyewe.

Jabali au genge?

Baada ya kupata kitendo, ilibidi kupata mahali. Karatasi ya Mediterania ilizungumzia ukuta mrefu wa mawe ya asili unaosimama wima juu ya bahari. Kamusi zetu zinatupa genge kwa maana ya ukingo mrefu uliochongoka, na mtu anayefanya kazi mezani tu angeridhika. Lakini Kariakoo genge ni meza ya muuza nyanya, vitunguu na mchicha. "Kuchupa gengeni" kungefahamika kuwa ni fujo ya sokoni.

Poromoko lilifikiriwa pia, likaachwa kwa sababu linaelekeza fikira kwenye maji yaangukayo, au kwenye udongo unaomomonyoka, jambo ambalo halimtulizi mteja. Mwamba ni neno la kweli la pwani, lakini mara nyingi mvuvi akitaja mwamba hukusudia ule uliofichika chini ya maji, ambao kwa mchupaji ndio adui mkubwa kuliko wote. Ni hatari kulitumia neno hilo hilo kwa mahali pa kusimama na kwa mahali pa kuepuka. Jabali linaonekana, limesimama, na halina maana nyingine sokoni. Hivyo tukapata uchupaji wa jabalini.

Makachu

Nilipokuwa naondoka Kariakoo, mama mmoja wa Unguja, muuza vitambaa, aliniita. Alikuwa amesikiliza maswali yangu tangu mwanzo. "Mwanangu," alisema, "unahangaika bure. Kwetu watoto wanapiga makachu kila siku, Forodhani pale."

Anayeunda istilahi akiambiwa kwamba jambo analotafutia jina limekwisha kupewa jina na wenyewe, hana budi kufunga daftari na kwenda kusikiliza. Jumamosi iliyofuata nilipanda boti ya kwenda Unguja.

Bustani ya Forodhani iko ukingoni mwa Mji Mkongwe, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Bustani yenyewe ilifanyiwa ukarabati mkubwa, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Mbele yake upo ukuta wa bahari. Jioni, maji yanapojaa, vijana hukusanyika hapo, hukimbia hatua kadhaa, hukanyaga ukingo, kisha huruka juu ya maji huku wakijipindua hewani: mmoja hupiga kichwangomba, mwingine hujikunja kama mpira, wa tatu hutandaza mikono kama mwewe. Watazamaji hushangilia, na wageni hupiga picha. Hayo ndiyo makachu.

Niliwaomba wanifundishe. Kijana aliyekuwa mkubwa wao alinitazama kuanzia kitambi hadi miguu, akasema, "Utaingia kwa miguu, kaka. Lakini subiri, maji bado." Nilidhani ananikwepa. Bahari mbele yangu ilionekana imejaa ya kutosha. Yeye alikuwa akitazama jiwe moja chini ya ukuta. Alingoja hadi lilipofunikwa kabisa, akaingia yeye kwanza, akapiga mbizi kukagua chini, akaibuka, akanionyesha kwa mkono mahali pa kuangukia na ngazi ya kutokea. Ndipo akasema, "Sasa chupa. Miguu pamoja, mikono ubavuni, tazama mbele, usitazame chini."

Ndugu msomaji, ni aibu kusema kwamba nilisimama pale ukingoni kwa muda mrefu. Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nguo nilikuwa nimekwisha kuzivua. Kijana yule hakunihimiza. Aliniambia kwamba nikitaka kurudi nyuma nirudi, na kwamba aliyesukumwa ndiye huumia, kwa kuwa mwili wake haujajiandaa. Methali yetu, kwa hekima yake yote, haifai kuandikwa kwenye bango la uchupaji.

Nilichupa. Ulikuwa mchupo mfupi, usiofikia hata sekunde moja, na maji yalinipiga nyayo kwa nguvu ambayo sikuitarajia. Nilipoibuka nilikuwa nimejifunza mambo mawili ya kazi yangu. La kwanza ni kwamba katika sentensi chache za kunielekeza, kijana yule alitumia "kuingia kwa miguu", "chupa" na "mbizi" kila moja mahali pake, bila kuchanganya. Tofauti niliyoikosa kwenye bango ilikuwa hai kinywani mwa mtu ambaye hakuhitaji kamusi. La pili ni kwamba makachu si jina la kila kuingia majini. Mimi nilichupa, sikupiga makachu, na hakuna hata mmoja pale aliyesema nimepiga. Makachu ni ustadi wa hewani. Mfasiri atakayeupa mchezo wa watalii jina hilo atamwahidi mteja pindu ambazo hazimo katika bei, au atamshawishi kuzijaribu.

Bahari isiyotulia

Bado lilibaki fundo moja, na hili halikuwa la neno bali la maarifa yaliyo nyuma ya maneno. Karatasi ya Mediterania iliagiza kwamba kina cha maji kipimwe mahali pa mchezo, kisha kiandikwe kwenye bango. Agizo hilo lina maana huko lilikoandikwa. Katika sehemu nyingi za Bahari ya Mediterania, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa haizidi nusu mita. Kina cha asubuhi ni karibu sawa na kina cha jioni.

Pwani yetu sivyo. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Dar es Salaam na Unguja hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3 katika muda wa saa sita hivi. Wakati wa maji mafu tofauti hupungua sana. Siku za bamvua bahari hujaa karibu na saa kumi alasiri, na hukupwa karibu na saa nne asubuhi. Mtu aliyepima alasiri akaandika, amemwandikia msomaji wa asubuhi uongo.

Tuchukue mfano. Jabali liko mita 2 juu ya maji yaliyojaa, na kina chini yake ni mita 4. Maji yakishuka mita 3, kina kinakuwa mita 1 tu, na papo hapo urefu wa kuanguka unaongezeka kutoka mita 2 hadi mita 5. Mahali ni pale pale, bango ni lile lile, lakini hatari imeongezeka pande zote mbili kwa mara moja. Mtu anayeanguka mita 5 hufika majini kwa mwendo wa karibu kilomita 36 kwa saa. Kwa mita 10, kilomita 50. Kwa mita 20, kilomita 71. Katika mashindano ya dunia ya michupo mirefu, yaliyoanza kuingizwa katika Mashindano ya Dunia ya michezo ya majini mwaka 2013 huko Barcelona, wanaume huchupa kutoka mita 27 na wanawake mita 20. Nao ni mabingwa, huingia kwa miguu, na waokoaji huwangojea majini.

Kwa sababu hiyo tafsiri ya "kina cha maji" peke yake, ijapokuwa ni sahihi kwa kila neno, ingekuwa tafsiri mbaya. Katika Kiswahili cha pwani hapana budi kusema kina cha wakati gani. Wavuvi wetu wamekuwa na maneno bamvua, maji mafu, kujaa na kupwa tangu zamani, na lugha iliyotengeneza karatasi ile haikuyahitaji katika karatasi hiyo. Mfasiri asiogope kuongeza neno pale ambapo bahari imeongeza jambo.

Mapendekezo

Baada ya kuyapima maneno hayo kwa usahihi, ufupi na kueleweka, yafuatayo yanapendekezwa:

Kuchupa: kuruka kwa hiari kutoka mahali palipoinuka na kwenda chini, hasa majini.

Mchupo wa miguu: mchupo ambao miguu hutangulia kuingia majini.

Mchupo wa kichwa: mchupo ambao mikono na kichwa hutangulia.

Kupiga mbizi: kuzama na kwenda chini ya maji. Neno hili lisitumiwe kwa maana ya mchupo wa kichwa.

Uchupaji wa jabalini: mchezo wa kuchupa baharini, ziwani au mtoni kutoka juu ya majabali.

Mwongoza mchupo: mtu mwenye ujuzi anayekagua maji na kuwaongoza wachupaji. "Kiongozi" liepukwe, kwa kuwa hudhaniwa kuwa mwenye cheo.

Kimo cha mchupo: umbali kutoka mahali pa kuchupia hadi uso wa maji kwa wakati ule ule.

Kina cha kupwa: kina cha maji yanapokuwa yameshuka kabisa wakati wa bamvua. Hiki ndicho kiandikwe kwenye bango la kudumu.

Makachu: mchezo wa vijana wa Unguja wa kuchupa baharini kwa mitindo ya kujipindua hewani. Jina hili libaki kwa wenyewe, na liingizwe katika kamusi kwa maana yao.

Hitimisho

Istilahi na bango ni vitu viwili. Istilahi huwatumikia wataalamu, ambao wana nafasi ya kujifunza maana yake. Bango humtumikia mtu aliyelowa maji, mwenye haraka, huenda ametoka bara jana na hajapata kulisikia neno kuchupa. Kwa hiyo hata baada ya kuidhinisha "mchupo wa kichwa" katika orodha zetu, nisingeliandika neno hilo ukutani. Ningeandika jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu, awe wa Mafia au wa Shinyanga, atalielewa bila kamusi.

Nilirudi katika bwawa lile la mjini mwezi uliopita, nikaomba ruhusa ya kubadili bango. Meneja hakuwa na kipingamizi. Gharama ilikuwa ya kopo moja la rangi. Sasa linasema: MAJI MAFUPI. USITANGULIZE KICHWA. Walimu na watumishi wenye mabango kama hayo katika shule, mahoteli na fukwe wanaombwa wayasome upya, na watuletee maneno yanayotumika katika sehemu zao, hasa kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, ambako wachupaji ni wengi na maneno yao bado hatujayakusanya.